Dingdong imenikata vidole, bosi anasema kibarua hana fidia

"Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Mafinga. Miezi mitano iliyopita nikiwa nasukuma gogo kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, msumeno ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Cha pete kimebaki ila hakikunji tena. Bosi alinipeleka hospitali na akalipa bili yote, lakini njiani aliniambia niseme nimejikata na shoka nyumbani, tusije tukasumbuana na serikali. Nikasema hivyo hivyo. Baada ya wiki kadhaa akanipa laki mbili na nusu, nikasaini karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba sitadai tena. Sina mkataba. Tulikuwa tunalipwa kila Jumamosi kwa idadi ya mbao, mara taslimu, mara kwa M-Pesa. Nimesikia kuna mfuko wa fidia unaitwa WCF, lakini bosi anasema hiyo ni ya watu wa ofisini, na tena kosa ni langu kwa sababu kikinga cha msumeno kilikuwa kimetolewa. Kuna jamaa hapa mjini anasema atanifuatilia nikimpa asilimia thelathini. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Umeuliza mengi kwa mara moja, lakini naona hofu yako kubwa ni kwamba haki yako uliiuza siku uliyosema shoka badala ya msumeno, na ukaimalizia siku uliyosaini ile karatasi. Hukuiuza. Umejiongezea kazi, hilo siwezi kukuficha, na nitakueleza ni kazi gani. Ila dai lako bado lipo. Sheria inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mitano imekwenda, imebaki kama saba, na miezi saba inatosha kwa mtu anayeanza wiki hii.

Hili la kibarua tulimalize kwanza, maana bosi wako si wa kwanza kulisema. Linasemwa kwenye mbao za Mufindi na Njombe, linasemwa kwenye chai, linasemwa Chunya machimboni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, umetokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, na ulianza kazi Julai 2015. Unawahusu waajiri na wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa serikali na wa sekta binafsi. Sijaona humo kifungu cha watu wa ofisini. Tena ukiniuliza mimi, karani aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye haja ndogo zaidi na mfuko huu kuliko mtu anayesimama futi mbili kutoka kwenye msumeno unaozunguka.

Mchango wa mfuko ni wa mwajiri peke yake, nusu asilimia ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kwa hiyo kama siku za Jumamosi mlikuwa mnakatwa "ya bima", hiyo si ya WCF, na mna haki ya kuuliza ilikuwa inakwenda wapi.

Na mkataba? Kukosa karatasi ya mkataba hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa pale. Nikutajie yanayokugusa: unafanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, saa zako za kazi anazipanga yeye, unatumia vifaa vyake, unamtegemea yeye kwa kipato, au kwa miezi mitatu ya mwisho umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi. Wewe saa 45 ulikuwa unazimaliza ndani ya wiki. Msumeno ni wake, dizeli ni yake, msimamizi ni wake. Kulipwa kwa idadi ya mbao hakukufanyi mkandarasi, ni namna tu ya kukokotoa ujira. Na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo 2004, kukuandikia masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Asipoweza kuyatoa maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi unamwangukia yeye. Kwa hiyo asikutishe kwa karatasi ambayo yeye ndiye aliyepaswa kuiandika.

Kuhusu kosa la nani, watu wengi wanachanganya fidia hii na kesi ya kawaida ya madai. Kwenye kesi ungepaswa kuthibitisha kwamba bosi alizembea, naye angejitetea kwamba mzembe ni wewe, mkavutana miaka. Mfuko uliwekwa ili kuepuka mvutano huo. Swali lake ni je, uliumia kwa sababu ya kazi na ukiwa kazini? Nani alizembea si swali la kwanza, na kwa kawaida si swali kabisa. Utovu wa makusudi, kama mtu kuja kwenye mashine amelewa, ni habari nyingine, na hukunielezea kitu cha namna hiyo. Kikinga kutolewa ni habari ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 mwenye kuulizwa kwa nini mashine inazunguka bila kikinga ni mwenye kiwanda. Sasa unaelewa ile safari ya kwenda hospitali ilikuwa na mazungumzo gani. Shoka halikuwa la kukulinda wewe.

Ile karatasi ya mwenyekiti isikunyime usingizi. Haki ya fidia haiachwi kwa makubaliano ya pembeni kati ya mfanyakazi na mwajiri, hata yakigongwa mihuri mitatu. Mwenyekiti alishuhudia kwamba umepokea laki mbili na nusu, basi. Pesa hiyo usiirudishe, na usiifiche. Utakapoandika maelezo yako sema wazi: nilipewa kiasi hiki, tarehe hii, nikasaini karatasi hii. Kama unayo nakala, iambatanishe. Itakusaidia kuliko unavyodhani, maana hakuna tajiri anayempa pole ya laki mbili na nusu kijana aliyejikata na shoka nyumbani kwao, kisha akamtafutia na mwenyekiti wa kushuhudia.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, faili la hospitali. Dai la fidia ni mnyororo wa pingili nne: kwamba ulikuwa kazini, kwamba ajali ilitokea, kwamba ajali hiyo ndiyo iliyoleta jeraha, na kwamba jeraha limeacha kilema. Pingili ya nne unayo mkononi, haina mjadala. Ya tatu ndiyo mliyoikata wenyewe kwenye gari. Daktari anayejaza taarifa ya kitabibu kwa ajili ya WCF anaanza kwa kufungua faili, na akikuta "amejikata na shoka nyumbani", hawezi kuandika msumeno wa kazini kwa sababu tu umemwomba. Anayekagua dai naye ataona hadithi mbili, na kazi yake ni kuuliza ipi ni ya kweli.

Hapa vijana wengi wanaharibu. Wanakwenda kwa mtu wa masjala kumwomba achane ukurasa, au wanafungua faili jipya hospitali nyingine kwa maelezo mapya. Usithubutu. Faili lililochezewa linaua dai la kweli. Nenda hospitali ileile, omba kumwona daktari aliyekushona au mganga mfawidhi, umweleze ukweli pamoja na sababu ya kusema uongo siku ile. Omba aongeze maelezo mapya kwenye faili, yenye tarehe ya leo, bila kufuta ya zamani. Madaktari wa Mafinga, Iringa na Ilembula wameona majeraha ya mbao mengi mno, hutakuwa kioja kwao.

Halafu mwombe aangalie tena alichokiandika kuhusu jeraha lenyewe. Msumeno wa mviringo unakata kwa mstari, unapita vidole viwili vinavyofuatana kwa kimo kinacholingana, kingo zinachanika, na mara nyingi kidonda kinakutwa na unga wa mbao. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa ulivyokatika. Kuna jambo jingine dogo ambalo wakaguzi wazoefu huliona mapema: mtu anayetumia mkono wa kulia hushika shoka kwa mkono wa kulia, kwa hiyo akijikata anakata wa kushoto, au mguu. Wewe umekatwa wa kulia. Kama si mtu wa mashoto, liandike hilo kwenye maelezo yako kwa sentensi moja, usilipambe.

Pingili mbili za mwanzo zinajengwa na watu na simu. Tafuta wenzako wawili au watatu waliokuwepo, na kama yupo aliyeacha kazi pale mwanzie huyo, kwa sababu hana cha kuogopa. Kila mmoja aandike kwa mkono wake alichokiona: tarehe, saa, mlikuwa mnapasua nini, nani alizima mashine, nani alikufunga kitambaa, gari la nani lilikupeleka. Wasinakiliane. Maelezo matatu yanayofanana neno kwa neno yananuka kuliko maelezo matatu yanayopishana kidogo. Ukiweza, yageuzwe kuwa hati za kiapo mbele ya wakili au hakimu. Picha mlizopigana kazini ukiwa na ovaroli, ujumbe wa sauti wa msimamizi anayewaita alfajiri, daftari la kuhesabia mbao lenye jina lako, vyote kusanya.

Miamala ya M-Pesa ndiyo ushahidi wako mzuri kuliko yote. Nenda duka la huduma la mtandao wako na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Malipo kutoka namba ileile, Jumamosi baada ya Jumamosi, yanathibitisha ajira na yanathibitisha kipato kwa mpigo mmoja. Kipato ni muhimu, kwa sababu fidia yote inakokotolewa kutoka kwenye ujira wako. Waajiri wengine wakiona hawana pa kutokea hukubali kujaza fomu, halafu kwenye mshahara wanaandika kiwango cha chini kabisa. Ukiisaini hivyo bila kusoma, umepunguzwa na utabaki umepunguzwa. Zile Jumamosi ulizolipwa taslimu ziandike mwenyewe kadiri unavyokumbuka, na uwaulize wenzako walikuwa wanapata ngapi.

Hatua ya kwanza ya dai kisheria ni ya mwajiri: akishapata habari ya ajali, anatakiwa aitaarifu WCF ndani ya siku saba. Wako hakufanya hivyo. Hata hivyo ningekushauri umpe nafasi moja, kwa maandishi. Mtumie ujumbe wa simu wa heshima, usio na matusi wala vitisho: "Bosi, kuhusu ajali niliyopata kwenye mashine tarehe fulani, naomba unijazie fomu ya taarifa ya ajali ya WCF ndani ya wiki hii." Akikubali, safari yako ni fupi. Akijibu "si tulishamalizana na nikakulipa", amekiri kwa kidole chake mwenyewe kwamba ajali ilitokea. Akikaa kimya, wiki ikipita unakwenda mwenyewe WCF au kwa afisa kazi, na huo ujumbe unao. Kama hakujisajili kwenye mfuko, hilo ni kosa lake kisheria na atahojiwa nalo. Lisikuzuie kutoa taarifa.

Utapata nini? Mafao ya mfuko yako saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, utengamao (yaani kusaidiwa kurudi kwenye kazi na maisha ya kawaida), gharama za mazishi, na malipo ya wategemezi. Yanayokuhusu wewe hasa ni mawili ya ulemavu, na utengamao kidogo.

Ulemavu wa muda ni kwa kipindi ulichokaa bila kufanya kazi kwa ajili ya jeraha. Kiwango ni asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mfano, aliyekuwa akipata 300,000 kwa mwezi anahesabiwa 210,000. Ili ulipwe unahitaji karatasi za daktari zinazoonyesha kwamba siku hizo hukuwa unaweza kufanya kazi. Kama baada ya kutolewa nyuzi hukurudi tena kliniki, pengo hilo litaulizwa.

Ulemavu wa kudumu unapimwa kwa asilimia, na haupimwi kidonda kikiwa kibichi. Daktari anasubiri mpaka mkono ufikie mahali ambapo matibabu hayataubadilisha tena sana. Wanaolazimisha kupimwa mapema hujipunja, na wanaokaa tu wakisubiri kupona ndipo wadai hukuta miezi 12 imekwisha. Usichanganye mambo hayo mawili. Dai unalifungua sasa, kipimo cha asilimia kinafuata wakati wake.

Asilimia ikiwa 30 au chini ya hapo, unalipwa mkupuo mara moja. Ikizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Nikuambie kwa uaminifu: vidole viwili, kwa kawaida, ni mkupuo. Jamaa anayekuahidi pensheni ya maisha anauza maneno. Lakini usikubali mkono wako uhesabiwe vidole viwili wakati vilivyoharibika ni vitatu. Kidole kisichokunja nacho ni kilema, na hupunguza nguvu ya kushika mkono mzima. Watu wengi wanapimwa kilichokatika tu kwa sababu ndicho kinachoonekana, nao kwa aibu hawasemi. Siku ya kupimwa mwonyeshe daktari: shika chupa, jaribu kufunga kifungo, jaribu kushika nyundo. Usiigize, maana wanajua kuigiza, ila usijikaze kiume pia. Kukijitokeza kiwango usichokubaliana nacho, unaweza kupinga kwa maandishi na kuomba mapitio, kwa hiyo uamuzi uutake uandikwe na uutunze.

Njiani utakutana na watu watakaokuelekeza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama mwajiri alikuwa akikuchangia huko, akiba yako ipo na ni yako, ila fidia ya ajali ya kazini ni ya WCF. Ni foleni mbili tofauti, usipange kwenye moja ukisubiri ya pili.

Huyo wa asilimia thelathini mwache. Mfuko hautozi ada ya kufungua dai, fomu hazinunuliwi, na hakuna anachoweza kukifanya ambacho wewe mwenye kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki huwezi. Kinachonitisha zaidi ni kwamba watu wa aina hii hupenda "kunyoosha" maelezo, wakaweka mashahidi wa kununua, na wewe tayari una hadithi moja ya uongo kwenye faili. Ya pili hutaiweza. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao huduma yao ni bure, au chama cha wafanyakazi kama TPAWU, cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo. Wakili wa kulipwa sioni haja yake kwa sasa. Dai likikataliwa, hapo tutazungumza mengine.

Kuna upande mmoja ambao siwezi kukuamulia. Mafinga ni mji mdogo, na wenye mashine wanajuana. Ukidai, huyo bosi huenda asikuite tena, na mwenzake akakusikia. Wapo vijana waliopima wakaona bora kibarua cha kesho kuliko fidia ya mwaka huu, na siwacheki. Ila jiulize: kwa mkono ulivyo sasa, atakuita kufanya nini? Kama amekuambia usirudi kazini, kumbuka kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Zikiwa zimepita, utaomba kwa maandishi kuongezewa muda ukieleza sababu. Hilo ni shauri lake na fidia ni yake, moja halingoji lingine.

Mambo mawili usiyafanye kwa simu wala kwa kumtuma mtu. La kwanza ni afisa kazi wa mkoa, Iringa. Nenda mwenyewe na kila karatasi uliyokusanya, nakala mbili mbili, umwombe agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, kwa sababu muhuri huo ndio utakaosema ulifika kabla ya miezi 12. La pili ni huo mkono, na hili lisingoje hata Iringa. Kidole cha pete kisichokunja baada ya miezi mitano huenda kina mshipa uliokatika au kimekakamaa kwa kukaa bila mazoezi, na kila mwezi unaopita kukilegeza kunakuwa kugumu zaidi. Kama vidonda vinauma kama umeme ukivigusa, au ncha za vidole zimekufa ganzi, au kuna usaha, usichelewe. Omba rufaa ya kuonana na daktari wa mifupa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au ya Kanda Mbeya, na kila karatasi watakayokupa huko iingie kwenye bahasha ileile ya dai.